Kulinda Usingizi wa Askari wa Zimamoto: Mwongozo kwa Askari, Familia na Wakuu wa Vituo

Moto wa soko la Gikomba jijini Nairobi, wa tarehe 28 Juni 2018, uliwaka usiku wa manane na kuua watu 15. Ule ulioteketeza ukumbi wa kupokelea abiria wa kimataifa katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, tarehe 7 Agosti 2013, ulianza alfajiri kabla ya jua kuchomoza. Nimeanza na mioto hii miwili kwa sababu ya saa zake. Kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri ndipo mwili wa binadamu unapopoa na akili inapofanya kazi kwa uzito kuliko wakati mwingine wowote wa siku, na ndipo askari wa zimamoto anapotakiwa kuruka kitandani, kuvaa, kuendesha gari zito lenye maji katika njia nyembamba, kisha kuamua ndani ya moshi ni mlango upi uvunjwe na upi uachwe.

Mwongozo huu unahusu namna ya kumfikisha askari huyo kwenye saa hizo akiwa na usingizi wa kutosha mwilini. Mambo mengi ndani yake yanaweza kufanywa na askari mwenyewe bila gharama, mengine yanahitaji familia yake, na machache, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mazito zaidi, yamo mikononi mwa mkuu wa kituo. Nayasema haya nikijua kwamba raia wengi wakipita kituoni mchana na kuona askari amejilaza huguna na kusema kuwa hawa wanalipwa kulala. Kauli hiyo imewaumiza askari wengi na kuwafanya waone aibu kupumzika, ilhali kulala wakati hakuna tukio ni sehemu ya maandalizi ya kazi yao, sawa na kukagua pampu na kujaza tangi.

Hatari yenyewe imepimwa. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa karibu askari wa zimamoto 7,000 kutoka idara 66, wakakuta kwamba takribani asilimia 37 walikuwa na dalili za tatizo mojawapo la usingizi, hasa kukatika kwa pumzi wakati wa kulala, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya hao hawakuwahi kuambiwa na daktari yeyote kwamba wana tatizo hilo. Waliokuwa na dalili hizo walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili kuripoti kwamba wamepata ajali ya gari, na pia waliripoti zaidi maradhi ya moyo, kisukari na sonona. Katika nchi hiyohiyo, takwimu zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kuwa karibu asilimia 45 ya vifo vya askari wa zimamoto wakiwa kazini vilitokana na maradhi ya moyo. Moyo ambao haupumziki usiku, kisha ukaamshwa ghafla na king'ora, umo ndani ya hesabu hiyo.

Anza kwa kuandika

Kabla ya kubadili chochote, chukua daftari dogo na uandike usingizi wako kwa mizunguko miwili kamili ya zamu. Mzunguko hutofautiana: idara nyingi za Marekani hufanya kazi saa 24 na kupumzika saa 48, London askari hufanya zamu mbili za mchana na mbili za usiku kisha hupumzika siku nne, na kwetu utaratibu hutegemea kituo na idadi ya askari waliopo. Kwa hiyo usihesabu kwa wiki, hesabu kwa mzunguko. Kila siku andika saa uliyopanda kitandani, saa unayodhani ulishikwa na usingizi, idadi ya matukio yaliyokuamsha, saa uliyoamka, usingizi wa mchana kama ulikuwapo, na kikombe cha mwisho cha kahawa ulikunywa saa ngapi. Mwombe mwenzi wako, au askari mnayelala naye bweni moja, akuambie kama unakoroma, nalo liandike.

Mizunguko miwili ikiisha, jumlisha saa za usingizi na ugawe kwa idadi ya siku. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 katika kila saa 24. Wastani ukiwa chini ya hapo unadaiwa, na deni hilo halifutwi na usiku mmoja wa kulala fofofo. Angalia pia siku ya pili ya mapumziko: ukiona siku hiyo unalala saa tatu zaidi ya kawaida bila kengele ya kukuamsha, mwili wako unakueleza jambo ambalo kichwa chako kimezoea kulikanusha. Mtu aliyepungukiwa na usingizi kwa muda mrefu huacha kuhisi kwamba amechoka, huku makosa yake yakiendelea kuongezeka, na ndiyo sababu nasisitiza daftari kuliko hisia.

Saa za kwanza baada ya zamu

Hapa ndipo askari wengi hupoteza usingizi ambao wangeweza kuupata, na ndipo ninapotaka kukaa kwa muda.

Jambo la kwanza ni safari ya kurudi nyumbani. Mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hadi 19 hufanya vibaya katika vipimo vya wepesi wa kutenda kiasi kinacholingana na aliyekunywa pombe hadi asilimia 0.05 katika damu, na akifika saa 24 bila kulala hulingana na aliyefikia asilimia 0.10, kiwango ambacho polisi wa usalama barabarani hawamwachi mtu aendelee na safari. Kusinzia kwa sekunde nne ukiwa kwenye pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa ni kusafiri zaidi ya mita 65 bila dereva. Kama usiku ulikuwa wa matukio mfululizo, jilaze kituoni dakika 20 hadi 30 baada ya kukabidhi zamu, ndipo uondoke. Au acha pikipiki yako hapo na upande daladala, na ukiweza keti karibu na kondakta na umwombe akuamshe kituo chako. Kuna wanaoshauri kuvaa miwani ya jua asubuhi ili mwanga usiuzuie mwili kulala. Ushauri huo ni mzuri kwa anayebebwa tu. Anayeendesha mwenyewe anauhitaji mwanga huo hadi afike mlangoni.

Jambo la pili ni kiasi cha kulala asubuhi hiyo. Kama unafanya zamu ya saa 24 na usiku unaofuata uko nyumbani, lala kwa muda wa saa moja na nusu hadi saa tatu, kisha uamke kabla ya saa 7 mchana hata kama mwili unakataa. Ukilala hadi alasiri utafika usiku ukiwa macho makavu, utaupata usingizi saa 8 usiku, na siku ya pili ya mapumziko itaanza kwa uchovu uleule. Kama hukupata hata lepe la usingizi usiku kucha, ongeza muda huo ufike saa nne, lakini si zaidi, na usiku huo panda kitandani saa 3. Aliye kwenye zamu za usiku zinazofuatana afanye kinyume: alale usingizi wake mkuu asubuhi mara tu anapofika, kwa muda wa saa 6 au 7 ikiwezekana, kisha aongeze usingizi mfupi jioni kabla ya kutoka.

Siku za mapumziko, amka saa ileile unayoamka siku za kazi, au usipishane nayo kwa zaidi ya saa moja. Zamu ikiwa imevuruga kila kitu kingine, jitahidi kuwa na saa nne ambazo karibu kila siku unakuwa umelala, tuseme kuanzia saa 6 usiku hadi saa 10 alfajiri. Saa hizo nne hufanya kazi ya nanga: huizuia saa ya mwili isipeperuke, hata pale usingizi uliobaki unapolazimika kugawanywa vipande.

Chumba cha kulala mchana ni shida ya kweli katika nchi zetu za joto, hasa chini ya paa la bati. Chagua chumba kisichopigwa na jua la asubuhi. Weka pazia mbili, moja ya kitambaa kizito cheusi upande wa dirisha, na uzivute mpaka ziguse ukuta ili mwanga usipenye pembeni. Oga kabla ya kulala, kwa kuwa mwili unaopoa baada ya kuoga hupata usingizi upesi, na elekeza feni ipulize juu ya chandarua. Mvumo wa feni una faida nyingine: hufunika kelele za mtaani. Vizibo vya masikio vinauzwa katika maduka ya dawa kwa bei ndogo. Anayevitumia nyumbani asivichukue kuvitumia kituoni. Kula kitu chepesi kama uji au mkate na yai, kwa sababu tumbo lililojaa wali na maharage humpa mtu usingizi mzito wa dakika arobaini kisha humwamsha kwa kiungulia.

Jambo la tatu, na gumu kuliko yote mawili, ni watu wa nyumbani. Katika mitaa yetu mtu mzima aliyelala saa 4 asubuhi hudhaniwa mgonjwa, mlevi au mvivu, na majirani hawasiti kumgongea. Kaa na familia kabla ya mzunguko kuanza, mbandike ratiba ya zamu ukutani, na mkubaliane saa ambazo huamshwi isipokuwa kwa dharura mnayoitaja wazi. Simu ikae sebuleni kwa mtu anayejua namba za kituo chako na atakayekuamsha kituo kikikuita. Watoto wanaelewa mapema kuliko tunavyodhani: wakiambiwa kwamba baba au mama alikuwa akiokoa watu usiku, hunong'ona wenyewe.

Kwa askari mwanamke mazungumzo hayo yana uzito zaidi. Wengi wao hukabidhi zamu ya kituo saa 2 asubuhi na kupokea zamu ya jiko, nguo na watoto saa 3. Hakuna ushauri wa pazia wala feni utakaomsaidia mtu ambaye hajaachiwa kitanda. Mume, dada au mama mkwe anayetaka kumsaidia askari wa nyumba yake ashike kazi za asubuhi hiyo kwa saa tatu. Huo ni mchango wa moja kwa moja kwa usalama wa mji mzima.

Kulala ukiwa kazini

Kazini usisubiri usiku. Hujui usiku utakuletea nini, kwa hiyo usingizi wa mchana uwe akiba ya mapema. Wakati unaofaa ni kati ya saa 7 na saa 9 mchana, pale mwili wenyewe unapolegea. Waislamu wanaufahamu usingizi huu kwa jina la kailula. Lala dakika 20 hadi 30 tu, au, kama kituo kimetulia na usiku uliopita ulikuwa mbaya, dakika 90 kamili. Shirika la anga la Marekani, NASA, liliwapima marubani wa safari ndefu waliolala wastani wa dakika 26 wakiwa kazini na kuwakuta wepesi zaidi wa kutenda kuliko wenzao ambao hawakupumzika. Kinachofaa kuepukwa ni kulala dakika 45 au 60, kwani hapo mtu huamshwa akiwa kwenye kina cha usingizi na kuinuka na mawenge.

Mawenge hayo yanastahili kuchukuliwa kwa uzito wake. Kwa kawaida hudumu dakika 15 hadi 30 baada ya kuamka, na wakati mwingine zaidi. Sasa linganisha na muda wa kuitikia: viwango vya Marekani hutaka kikosi kiwe kimevaa na kuanza kuondoka ndani ya sekunde 80 baada ya taarifa ya moto, na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga hutaka gari la zimamoto la uwanja wa ndege lifike ncha yoyote ya njia ya kurukia ndani ya dakika tatu. Maana yake ni kwamba kikosi kilichoamshwa usiku hufika kwenye moto kabla akili zao hazijaamka sawasawa, na hilo haliwezi kufutwa kwa ushujaa. Linaweza kupunguzwa kwa mazoea. Panga buti, suruali, koti na kofia kwa utaratibu uleule kila usiku, ili mikono ivae bila kuhitaji kufikiri. Washa taa zote za chumba mara moja. Anayepokea taarifa asome anuani kwa sauti, na dereva airudie kwa sauti kabla ya kuwasha gari. Akikosea au akisita, mwingine ashike usukani. Kiongozi wa kikosi atoe amri fupi, moja baada ya nyingine, katika dakika za mwanzo, na aombe kila amri irudiwe.

Bweni lenyewe liwe mbali na maegesho ya magari au litenganishwe kwa mlango unaofunga, kwa sababu moshi wa dizeli haufai kuvutwa na mtu aliyelala. Nguo za moto zisiingie bwenini kabisa. Mwaka 2022 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la mambo yanayojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na masizi yaliyoganda kwenye koti ni sehemu ya hatari hiyo. Anayerudi kutoka kwenye moto aoge kwa sabuni ndani ya saa moja, abadili nguo zote, anywe maji taratibu, na apoe kabla ya kujilaza. Mwili wenye joto la kazi haulali, unagaagaa tu.

Kahawa, vidonge na bia

Kahawa ni chombo kizuri kikitumiwa kwa saa yake. Nusu ya kafeini uliyokunywa huwa bado imo mwilini baada ya takribani saa tano, kwa hiyo kikombe cha saa 12 jioni kinakesha nawe. Kunywa mwanzoni mwa zamu, kisha acha angalau saa sita kabla ya muda unaotarajia kulala. Chai ya rangi iliyokolea ihesabiwe humo, na vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo au chupa vihesabiwe mara mbili, kwa kuwa vina sukari nyingi juu ya kafeini. Miraa huondoa usingizi kwa saa nyingi na humwacha mtu mzito na mwenye hasira. Tena nchini Tanzania miraa imepigwa marufuku kisheria. Askari asiitumie kukesha zamuni.

Usimeze Piriton ili upate usingizi. Natamka jina la dawa hii kwa sababu wengi huinunua bila cheti na kuiona kama pipi. Ni dawa ya mzio. Kusinzisha ni athari yake ya pembeni, nayo huendelea hadi asubuhi, kwa hiyo aliyeimeza saa 4 usiku anaweza kukaa nyuma ya usukani saa 11 alfajiri akiwa bado amelewa nayo. Vidonge vya usingizi vyenyewe visitumiwe na mtu yeyote anayeweza kuitwa kazini, ila kwa maelekezo ya daktari anayejua kazi yake. Bia mbili baada ya zamu humfanya mtu asinzie upesi, kisha pombe inapoisha mwilini, katikati ya usingizi, humkurupua, na kwa anayekoroma hulegeza koo na kuziba njia ya pumzi zaidi.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji mpango wake. Kati ya tarawehe na daku usingizi huwa mfupi, hivyo askari anayefunga aulinde usingizi wa baada ya alfajiri anapokuwa nyumbani na kailula anapokuwa kituoni, na mkuu wa kituo aweke mazoezi mazito mapema asubuhi badala ya alasiri. Anywe maji ya kutosha kati ya futari na daku kidogo kidogo, ili asiamke kila saa kwenda msalani.

Anayekoroma asichekwe

Kukoroma kwa nguvu kunakokatizwa na kimya, kisha mkoromo wa ghafla kama wa mtu anayezama na kuibuka, ni dalili kwamba pumzi inakatika. Mwenye hali hii anaweza kulala saa nane na kuamka kama hakulala, kwa kuwa ubongo wake humwamsha mara nyingi kila saa ili apumue, bila yeye kukumbuka. Bwenini huwa kichekesho. Naomba kiache kuwa hivyo.

Kipimo cha awali hakihitaji mashine. Uliza mambo manane: je, anakoroma kiasi cha kusikika nje ya mlango uliofungwa, je, mchana anachoka au kusinzia, je, kuna mtu aliyeshuhudia pumzi yake ikikatika, je, ana shinikizo la damu, je, uzito wake kwa kilo ukigawanywa kwa kimo chake kwa mita kilichozidishwa kwa chenyewe unazidi 35, je, ana zaidi ya miaka 50, je, shingo yake ina mzunguko wa zaidi ya sentimita 40 kwa futi ya fundi cherehani, na je, ni mwanamume. Majibu ya ndiyo yakifika matatu, aonane na daktari. Yakifika matano au zaidi, asicheleweshe. Hospitali kubwa zina madaktari bingwa wa masikio, pua na koo, au wa mapafu, ambao wanaweza kumpima na, ikibidi, kumwandikia mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa. Mashine hiyo ni ghali, na ningependa kuona vikosi vikiihesabu kama kifaa cha kazi. Wakati akisubiri, alale ubavu, apunguze uzito, aache pombe, na asikabidhiwe usukani wa gari kubwa usiku.

Usingizi unaokimbia

Wapo ambao hawakoromi, wana chumba tulivu na saa za kutosha, na bado wanabaki wakihesabu mabati. Tiba yenye nguvu kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu ni ya mazoea, na inaanza na kanuni ambayo watu huiona ya ajabu: ukikaa kitandani takribani dakika 20 bila kulala, toka. Keti mahali penye mwanga hafifu, fanya kitu cha utulivu, rudi usingizi unapokushika. Kitanda kiwe cha kulala na cha unyumba tu, kisiwe mahali pa kuangalia simu, kula wala kupanga madeni. Baada ya wiki chache mwili hujifunza tena kitanda ni cha nini.

Majinamizi ni jambo jingine. Askari aliyetoa mwili wa mtoto kwenye kifusi au kusikia sauti ambayo hakuifikia, ataiona tena usingizini, na wiki mbili tatu za hali hiyo si ugonjwa. Zungumza na mwenzako aliyekuwapo, kwa maneno ya kawaida, bila kulazimishana. Kuna zoezi linalosaidia: mchana, ukiwa macho, andika ndoto inayojirudia, badilisha mwisho wake upendavyo, kisha ipitie ndoto hiyo mpya akilini kwa dakika kumi kila siku. Ikipita mwezi bado unakurupuka, unaepuka kulala, au unakunywa ili ulale, nenda kwa mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Kwenda huko ni sawa na kwenda kufungwa jeraha la kazini.

Yaliyo mikononi mwa mkuu wa kituo

Kati ya mwaka ambapo utafiti niliotaja ulichapishwa na leo, jaribio lingine la Marekani, lililochapishwa mwaka 2017, lilifanyika katika idara moja yenye askari 1,189. Vituo viligawanywa kwa kura: vingine vikapewa mafunzo ya usingizi na uchunguzi wa matatizo yake, vingine vikasubiri. Siku za kukosa kazi kwa majeraha na ugonjwa zilipungua kwa asilimia 46 katika kundi lililopewa mpango huo. Idadi ya majeraha na ajali haikutofautiana kati ya makundi yote kwa jumla. Lakini askari waliohudhuria mafunzo kweli walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 24 wa kuripoti jeraha kuliko wasiohudhuria. Ninachokisoma hapo ni kwamba kutangaza mpango hakutoshi, askari wakae darasani. Nusu saa ya somo katika zamu yenye utulivu, likirudiwa kwa kila zamu mpaka wote wapate, ni jambo ambalo kituo chochote kinaweza kulifanya mwezi huu.

Mkuu wa kituo atangaze kwa maandishi saa za kupumzika mchana na usiku, ili askari asijifiche ili alale. Usafi wa magari, gwaride na mikutano visiwekwe saa 7 hadi saa 9 mchana. Askari asipangwe saa 24 juu ya saa 24 ili kuziba pengo la mwenzake aliye likizo, na aliyebadilishana zamu ahesabiwe saa zake zote. Zamu zinazozunguka zisonge mbele, asubuhi, kisha jioni, kisha usiku, kwa kuwa mwili huchelewa kulala kwa urahisi kuliko unavyowahi.

Kengele nayo itazamwe. Mlio unaoanza chini na kupanda kwa sekunde chache humwamsha mtu bila kuustua moyo kama king'ora kinacholipuka, na pale kituo chenye magari kadhaa kinapopokea tukio dogo, aamshwe anayehitajika tu. Kama hakuna mfumo wa umeme wa kufanya hivyo, askari wa chumba cha mawasiliano anaweza kwenda bwenini na kuita kikosi husika kwa majina.

Matukio ya siku nyingi yanahitaji mpango tangu saa ya kwanza. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, tarehe 16 Novemba 2024, uokoaji uliendelea kwa siku kadhaa, na kila mwokoaji mahali kama pale hutamani asiondoke maadamu kuna sauti chini ya kifusi. Kamanda wa tukio ndiye anayepaswa kuamua kwa niaba yao. Mapema kabisa, wakati wote bado wana nguvu, atenge theluthi moja ya askari na kuwapeleka kulala mbali na jenereta na taa, aandike orodha ya majina na saa, na asimruhusu mtu kuzidisha saa 12 kwenye kifusi. Naye amteue wa kumpokea, amkabidhi hali ya tukio kwa maandishi, na jina lake liwemo katika orodha ya wanaokwenda kulala. Kazi ikiisha, gari la kuwarudisha nyumbani liendeshwe na dereva ambaye hakuwapo kazini usiku huo.